Oili ya gia oto na mivujo yake: mwongozo kwa wenye Surf, Prado na pikapu za zamani Nyanda za Juu Kusini

Gari la oto linalovuja halimwumbui mwenyewe akiwa Mwanjelwa, Mbeya. Mjini safari ni fupi, oili haijachemka sawasawa, na upungufu wa nusu lita haujulikani. Aibu huja kwenye mlima wa Kitonga nyuma ya lori la makontena, au ukitoka Tukuyu na mikungu ya ndizi ukiupanda Mporoto. Oili iliyobaki inakimbilia nyuma ya sampu (karai la oili chini ya giaboksi), pampu inanyonya hewa, injini inalia na gari linakataa kwenda. Ukisimama likapoa kidogo linatembea tena, na wengi hapo hudhani tatizo limeisha.

Ukienda gereji ukasema gia inachelewa kushika, jibu la haraka ni "tubadilishe oili, mkuu." Lakini oili mpya kwenye giaboksi inayovuja ni hela inayodondoka barabarani. Tafuta kwanza inakotoka, ziba, ndipo ubadilishe. Mvujo wa sampu peke yake ndio unaozibwa siku ileile ya kubadilisha, kwa sababu sampu lazima ishuke.

Nazungumzia magari yenye dipstiki ya giaboksi na bolti ya kumwagia oili chini ya sampu: Hilux Surf za miaka ya 1990, Prado za enzi hizo, na pikapu za oto. Toyota nyingi za kundi hili zina giaboksi ya gia nne ya familia ya A340, na vipimo nitakavyotaja ni vyake. Gari la kampuni nyingine fuata kitabu chake. Utaratibu haubadiliki sana.

Je, ni oili ya gia kweli?

Tone jekundu chini ya gari halitoshi kuihukumu giaboksi. Stelingi ya pawa kwenye magari haya hutumia oili ileile nyekundu, na mpira wake ukipasuka oili hutambaa kwenye chasi hadi ikadondoka karibu kabisa na giaboksi. Kulanti ya Toyota nayo ni nyekundu. Chovya kidole: kulanti ni majimaji, ikikauka inaacha unga au utando unaonata, oili ya gia inateleza na haikauki. Oili ya injini ni nyeusi au kahawia. Oili nzito ya transfa (boksi linalogawa nguvu kwa tairi za mbele kwenye foo wili) na difu ina harufu kali ya kiberiti ambayo huwezi kuisahau ukishaivuta mara moja.

Tandika boksi la karatasi lililokunjuliwa chini ya gari usiku kucha na uweke alama ya tairi za mbele zilipo. Asubuhi utajua tone limeangukia wapi, halafu angalia usawa wake juu. Usiishie hapo, maana gari likitembea upepo husukuma oili nyuma. Sehemu iliyolowa zaidi mara nyingi si inayovuja. Inayovuja ni ile ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa.

Kwa hiyo osha. Mafuta ya taa kidogo na brashi, kisha sabuni na maji, halafu uache pakauke. Fanya hivyo injini ikiwa imepoa; mafuta ya taa na ekzosi ya moto havipatani. Kinga maji yasiingie kwenye soketi za waya pembeni mwa giaboksi. Endesha hadi gari lipate moto, ingia chini na tochi. Mahali pakiwa na utata, paka poda ya mtoto, endesha tena dakika chache: oili itachora njia yake kwenye ule weupe. Kwa vumbi la barabara za mashambani bila kuosha utakuwa unakisia tu, na kukisia ndiko kunakowafanya watu washushe giaboksi nzima kwa sababu ya klipu ya mpira.

Mivujo yenyewe, kuanzia iliyo rahisi

Anza na mipira ya kupozea oili. Giaboksi hutuma oili yake mbele hadi kwenye rejeta, ikapita kwenye kipozeo kilicho tangi la chini, kisha ikarudi. Paipu ni za chuma, ila karibu na rejeta kuna vipande vya mpira. Mpira wa miaka ishirini na kitu unakuwa mgumu, unapasuka mdomoni, na klipu za springi zimelegea. Badilisha yote miwili pamoja. Nunua mpira wa oili unaohimili joto na presha. Mpira wa maji au wa petroli utalainika na kupasuka, na ukipasuka giaboksi inaweza kumwaga oili yake ndani ya dakika chache. Uingize mpira usogee vya kutosha juu ya paipu, klipu ya skrubu ikae nyuma ya kile kivimbe cha paipu, na usikaze hadi mpira ukatike.

Fuata paipu za chuma hadi nyuma. Zinasuguana na vishikizo vyake, hasa kwenye gari linalotembea barabara za makorongo, hadi zinatoboka tundu la sindano. Kipande kilichooza kinaweza kukatwa na kuunganishwa kwa mpira uleule wa oili, ila mwambie fundi atanue kidogo midomo ya paipu ili mpira usichomoke, na kiungo kikae mbali na ekzosi. Oili hii ikimwagikia ekzosi iliyochemka inaweza kuwaka.

Kisha angalia pumzi ya giaboksi. Ni kimpira au kikofia kidogo juu, ambacho watu hawajui hata kama kipo. Tope la Makete au vumbi la Chunya likikiziba, hewa iliyopashwa moto ndani haina pa kutokea, nayo inasukuma oili kupitia sili yoyote iliyo dhaifu. Nimeona sili zikibadilishwa mara kwa mara kwenye gari moja kumbe pumzi ndiyo iliyoziba. Safisha kwa waya mwembamba, pulizia, rudisha. Oili iliyojazwa kupita kiasi nayo inatoa picha ileile: inapigwa na kutoa povu, inapanda, inatokea kwenye pumzi au kwenye bomba la dipstiki, na wewe unaona giaboksi imelowa kila upande.

Bomba la dipstiki lina ringi ya mpira pale linapoingia kwenye giaboksi. Likivuja, oili hushuka ubavuni na kuonekana kama gasketi ya sampu. Ringi ni ya bei ndogo, kazi ni bolti moja na kuvuta bomba. Kabla hujavuta, safisha kuzunguka, mchanga usiingie ndani.

Sili ya shafti ya kubadilishia gia iko ubavuni, pale wenzo unapoingia. Toa wenzo na swichi iliyopo hapo, weka alama ya jinsi swichi ilivyokaa, ivute sili ya zamani kwa ndoano nyembamba bila kukwaruza shafti, paka oili sili mpya na uigonge taratibu kwa soketi yenye upana sawa nayo. Swichi ikirudi imepinda, gari halitawaka likiwa P, au litawaka likiwa mahali pasipotakiwa.

Kwenye gari la foo wili kuna mvujo usiodondoka kabisa. Sili iliyo kati ya giaboksi na transfa ikichoka, oili ya gia huingia kwenye transfa. Chini pakavu, dipstiki inashuka. Kama transfa yako inatumia oili nzito, fungua bolti yake ya kujazia gari likiwa tambarare: ikimwagika yenyewe, nyepesi na yenye wekundu, umepata mwizi. Hapo transfa lazima itoke, si kazi ya uani.

Kazi kubwa kuliko zote ni mvujo unaotokea pale giaboksi inapokutana na injini. Oili nyeusi ikidondoka hapo ni sili ya nyuma ya injini. Nyekundu ni sili ya pampu ya giaboksi, inayozunguka shingo ya konveta (kiungo cha oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi). Giaboksi itashuka kwa vyovyote, hivyo badilisha sili zote mbili siku hiyohiyo na ringi ya pampu. Mwambie fundi akuoneshe shingo ya konveta: ikiwa na mfereji unaokwaruza ukucha, sili mpya nayo itavuja. Wakati wa kurudisha, konveta ikae hadi mwisho kwenye pampu kabla giaboksi haijavutwa kwa bolti. Isipokaa, bolti zinavunja pampu, na hapo unaanza kutafuta giaboksi ya mtumba.

Dawa za kuzuia mvujo zinazouzwa kwenye chupa huvimbisha kidogo sili zilizokauka. Kwa sili ngumu inayotoa jasho zinaweza kukusogeza miezi kadhaa. Kwa gasketi iliyochanika au paipu iliyotoboka ni hela ya bure. Wapo wanaoshauri kumimina oili ya breki kidogo. Usithubutu. Sili za giaboksi hazikutengenezwa kwa oili hiyo: zinavimba, zinalainika, zinaharibika, na zilizomo ndani huzifikii bila kuifumua yote.

Isome oili kabla hujaimwaga

Gari likiwa tambarare (Mbeya penyewe kupata tambarare ni kazi, tafuta uwanja), limechemka kwa kuendeshwa, injini ikiwa sailensi (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta), kanyaga breki upitishe gia zote kuanzia P hadi L na kurudi P, kila moja sekunde chache. Bila kuzima injini, toa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, irudishe, itoe tena. Soma kwenye alama za HOT. Alama za COOL ni za kukusaidia wakati wa kujaza tu. Anayepima injini ikiwa imezimwa anadanganywa, maana oili iliyokuwa inazunguka imesharudi kwenye sampu na kipimo kinaonekana kimejaa.

Nyekundu angavu, sawa. Kahawia bila harufu, imezeeka, badilisha. Nyeusi yenye harufu ya kuungua na gia zinateleza, hapo sahani za klachi zimeshakwisha na oili mpya haitazirudisha. Mitaani wanasema "ukibadilisha oili ya oto ya zamani, gia inakufa." Mara nyingi giaboksi hiyo ilikuwa imeshakufa, oili mpya imelaumiwa kwa sababu ndiyo iliyokuja mwisho. Kwa gari lenye gia zinazoshika vizuri, hata likiwa na kilomita nyingi, mimi nabadilisha bila woga, ila kidogo kidogo. Mashine za kusukuma oili yote kwa presha nazikwepa kwenye giaboksi ya umri huu.

Ikiwa imegeuka kama maziwa ya stroberi, acha kila kitu. Kipozeo ndani ya rejeta kimetoboka, maji yameingia kwenye giaboksi. Mara nyingi kiini chake ni tabia yetu ya kujaza rejeta maji ya mtoni au ya bomba mwaka hadi mwaka badala ya kulanti: kutu inakula kutokea ndani. Badilisha rejeta, kisha mwaga na ujaze oili mara kadhaa mfululizo hadi itoke safi. Ukiendelea kuendesha, maji yanaachanisha gundi ya sahani za klachi.

Vya kununua

Dipstiki nyingi za Toyota za zamani zimeandikwa DEXRON II au III, yaani kiwango cha oili inayotakiwa. III inafaa mahali pa II. General Motors iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo chupa za leo husema tu kwamba zinakidhi kiwango hicho. Chagua kampuni unayoiamini na chupa yenye lakiri. Kama dipstiki imeandikwa T-IV (kiwango cha Toyota yenyewe), nunua T-IV. Oili ya CVT (oto ya mkanda, isiyo na gia za kupanda) usiiguse. Dukani taja ATF (oili ya gia oto) na kiwango chake, maana ukisema "haidroliki" unaweza kupimiwa oili ya tipa kutoka kwenye dumu.

Pata lita tano au sita kwa kuanzia, filta na gasketi ya sampu, washa mpya ya bolti ya kumwagia, faneli nyembamba yenye mpira mrefu, beseni pana, na chupa tupu zenye alama za lita. Jeki, stendi mbili imara, na magogo ya kuzuia tairi.

Kumwaga, kusafisha, kujaza

Zungusha gari dakika kumi ili oili iwe vuguvugu. Ikichemka kabisa itakuunguza. Weka P, vuta handibreki, zuia tairi mbele na nyuma. Kwenye foo wili yenye wenzo wa transfa hakikisha transfa haiko N, kwani ikiwa N, P haishiki kitu na gari linaweza kukutembelea ukiwa chini. Usiinue tairi moja ya nyuma ukaitegemea P pia, difu italiachia. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Fungua bolti ya kumwagia, acha itiririke hadi iwe matone. Oili hiyo ipime kwa chupa, uandike. Kiasi hiki ndicho utakachorudisha kwanza, na watu wengi wanaojaza kupita kiasi ni wale walioruka hatua hii. Kwenye A340 tarajia kati ya lita 2 na 4, wakati giaboksi nzima na konveta hubeba kama lita 10. Nyingine imebaki ndani.

Legeza bolti za sampu, nyingi ni za spana namba 10, ukianza upande mmoja ili sampu iiname na kumwaga kilichobaki. Usiipenyezee bisibisi kwenye kingo. Chuma cha giaboksi ni alumini, mkwaruzo mmoja ni mvujo wa kudumu. Igonge kwa nyundo ya mpira.

Ndani kuna sumaku. Ute mwembamba wa kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyoonekana kwa jicho au vigae vya chuma vyenye ncha ni habari mbaya. Usitupe hela kwenye oili kabla fundi wa giaboksi hajaviona. Futa sumaku, zirudishe mahali pake palepale.

Filta imeshikwa na bolti chache ambazo zinaweza kutofautiana urefu. Zipange kwenye boksi kwa mpangilio ulivyozitoa. Weka filta mpya na gasketi yake, kaza kwa upole.

Sasa sampu. Ilaze juu ya kioo au meza iliyonyooka: kama matundu ya bolti yamevimba, kuna aliyekaza kwa hasira kabla yako. Yanyooshe kwa nyundo juu ya ubao mgumu. Toa mabaki ya gasketi yote, osha, kausha kwa hewa, kwani nyuzi za tambara zikibaki zitaishia kwenye filta. Gasketi ya mpira au ya koki ikae kavu. Silikoni inayopakwa kwa ukarimu hujikamua ndani, inakatika na kuzibia oili njia. Itumie tu pale ambapo kiwanda chenyewe hakikuweka gasketi, na iwe mstari mwembamba.

Bolti zote ziingie kwa vidole kwanza. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni kwa kuvuka, raundi mbili au tatu, hadi 7 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza). Hiyo ni nguvu ndogo mno, ya vidole vilivyoshika soketi kuliko ya mkono uliovuta racheti. Mafundi wengi hapa ndipo wanapoharibu. Bolti ya kumwagia na washa mpya, kama 20 Nm.

Mimina kupitia bomba la dipstiki kiasi ulichoandika, ukipunguza nusu lita. Washa, kanyaga breki, pitisha gia zote, pima. Ongeza robo lita kwa robo lita hadi ifike alama za COOL. Kisha endesha, kutoka mjini hadi Uyole na kurudi inatosha, ingawa asubuhi za Juni na Julai oili huchelewa kupata moto. Pima tena kwenye HOT. Iache chini kidogo ya alama ya juu.

Ukitaka oili yote iwe mpya, rudia kumwaga na kujaza mara mbili zaidi, bila kushusha sampu, kila baada ya wiki kadhaa za kuendesha kama kawaida. Ukibadilisha lita 3 kati ya 10 kila mara, baada ya mara tatu karibu theluthi mbili ni mpya, na kwa giaboksi ya zamani hiyo inatosha. Baada ya hapo, kila kilomita 40,000. Kwa anayebeba viazi vya Isyonje kila wiki, punguza hadi nusu.

Oili chafu usiimwage mferejini; mito ya hapa ndiyo inayomwagilia mboga tunazokula. Irudishe kwenye chupa uwape gereji inayokusanya oili chakavu.

Mlimani, na ukikwama

Kwenye mpando mrefu zima O/D (ovadraivu, yaani gia ya nne). Giaboksi itaacha kuhangaika kati ya gia ya tatu na ya nne, na joto litapungua. Rudi kuiwasha ukifika juu.

Gia zikianza kuteleza, simama mapema. Pima oili, angalia mipira ya rejeta, ongeza ATF uliyobeba. Ikishindikana, usikubali kuvutwa kwa kamba tairi zikizunguka, hata kama ni hadi Ilula tu. Pampu ya giaboksi huendeshwa na injini, na injini ikiwa imezimwa hakuna oili inayozunguka ndani. Pandisha gari kwenye lori. Ukikosa, kwenye foo wili ya wenzo weka transfa N na giaboksi P, kisha uvutwe polepole. Kwenye tu wili toa propela kwanza.